Kitufe Kinachongoja Pumzi

Mtoto wa dada yangu tunamwita Mkwaruzo, na jina hilo nilimpa mimi, kwa hiyo asije mtu kuniambia ni baya. Alipokuwa mdogo, ukiburuta kiti sakafuni analia. Ukikwangua sufuria kwa kijiko analia. Mimi ni fundi cherehani, na siku moja cherehani yangu ilikuwa kavu, sijaitia mafuta. Mtoto akaziba masikio, akajichimbia chini ya meza ya kukatia nguo na kugoma kutoka hata kwa biskuti. Nikamwambia, "Basi wewe ndiye Mkwaruzo, maana huna habari nyingine duniani." Jina likaganda. Leo ni mtu mzima, ana miwani mizito, na kazi yake ni ileile ya utotoni, kuikimbiza mikwaruzo. Tofauti ni kwamba siku hizi analipwa.

Ngoja niieleze hiyo kazi, kwa sababu wateja wangu wamezoea kunisumbua: "Mwanao si anatengeneza redio? Nimletee yangu?" Hatengenezi redio! Anaandika programu ndogo za sauti. Studio huwa na programu kubwa ya kurekodia na kurushia matangazo, na hizi zake huchomekwa ndani ya ile kubwa. Moja inapunguza mwangwi, nyingine inaondoa mvumo wa feni, nyingine inanenepesha sauti nyembamba. Unagusa kitufe, sauti inabadilika. Mimi nikaona ni jambo la dakika mbili.

"Mtu akigusa, inabadilika," nilimwambia siku moja. "Sasa wewe unafanya nini kutwa nzima mbele ya hiyo skrini?"

Akanikata jicho. "Mama Mdogo, hapo hapo kwenye 'inabadilika' ndipo kazi yote ilipo."

Nikafyonza nikaendelea na pindo langu. Sikuelewa alichosema mpaka yalipomfika mama yake.

Mama yake ni dada yangu, tumbo moja, yeye mkubwa mimi mdogo. Kwetu ni Dada tu, lakini kwenye redio ni Sauti Saba. Kila Jumatano jioni alikuwa anasoma hadithi hewani, moja kwa moja, peke yake, na watu waliapa kwamba mle studio wamo saba. Kulikuwa na msimulizi, na babu mkali, na mjukuu wake wa kike, na jirani mbea, na mlevi, na polisi, na mwenye nyumba. Wote mdomo mmoja. Kuna bwana mmoja, sitii chumvi, alivaa suti akaja mpaka kituoni kumtaka uchumba yule mjukuu. Wakamwonyesha Dada, na mvi zake na kandambili zake. Yule bwana aligeuka akaondoka bila kuaga, na sisi nyumbani tukavunjika mbavu wiki nzima.

Halafu koo likamvimba. Wakamlaza, wakampasua, uvimbe ukatoka salama, tukashukuru Mungu. Lakini dada aliyerudi nyumbani alikuwa na sauti moja tu, na hiyo moja ilikuwa kavu, ya kukwaruza, haipandi wala haishuki. Daktari akasema ndiyo hiyo, ishukuruni. Dada akaishukuru kwa siku chache, kisha akaacha kuitumia. Akawa anatuita kwa makofi. Kofi moja ni mimi, makofi mawili ni binti yake. Ukimuuliza kitu anaonyesha kwa kidole. Jumatano jioni ikifika, anazima redio na kwenda kulala, na huko kituoni saa yake inapigwa muziki.

Mimi jambo hilo liliniuma kuliko ule upasuaji wenyewe. Mtu aliyelisha watu saba kwa pumzi yake, sasa anapiga makofi kuomba chumvi! Nilikuwa nikisikia lile kofi jikoni nakunja uso kabla sijainuka.

Meneja wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, akasema saa ya Jumatano ameishikilia kwa muda mrefu na wakubwa wanamuuliza. Akatoa wazo. Dada asome hadithi, irekodiwe, kisha Mkwaruzo aketi nayo taratibu nyumbani, amtengeneze babu awe babu na mjukuu awe mjukuu, ndipo irushwe. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mdomo, na mimi nikaacha kushona, kwa sababu yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo.

"Nimeshapasuliwa mara moja," alisema. "Sipasuliwi tena kwenye kompyuta. Babu hukasirika mara moja tu. Hewani, au basi."

Meneja akatazama viatu vyake. Mkwaruzo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi, akasema bila hata kukiweka chini, "Itakuwa hewani. Nitamtengenezea."

Ndivyo alivyo. Hajui kusema "nitajaribu". Ukimwambia haiwezekani, anakutazama kama umemwambia leo si leo.

Alitengeneza kijisanduku chenye vitufe saba, kimoja kwa kila mtu wa hadithi. Dada anasoma kwa ile sauti yake moja, anabonyeza kitufe, na programu inachukua sauti hiyo na kuivisha: hapa iteremke, hapa inenepe, hapa iingie hewa kidogo, hapa itetemeke; akikibonyeza tena, inaivua. Kitufe cha saba kilikuwa cha msimulizi, na hicho Mkwaruzo alikifanyia kazi kuliko vingine vyote. Alizifukua kanda zote za zamani, akaisikiliza sauti ya mama yake ya kabla ya upasuaji, akaijenga upya. Aliponionjesha nililia, nikasingizia moshi wa pasi.

Nyumbani ilikwenda kama maji. Dada anabonyeza, babu anaingia. Anabonyeza, mlevi anaingia. Tukaenda kituoni kufanya jaribio, kifua mbele. Nilikwenda na mimi, nimebeba shali ya Dada na kiburi cha ukoo mzima.

Lahaula! Dada alipobonyeza kitufe mara ya pili tu, babu akakatikakatika. "Na—ni ka—fun—gu—lango?" Sauti ilikuwa na mashimo. Fundi mitambo wa kituo akashika kichwa. Kompyuta ya kituo ni kongwe, na kwa wakati huo huo inabeba muziki, matangazo ya biashara na simu za wasikilizaji. Programu ya Mkwaruzo ikaielemea ikakosa pumzi. Dada akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole, akatoka. Hakupiga hata kofi.

Meneja alitufuata kwenye korido. "Jumatano ijayo ni ya mwisho," akasema. "Mkifaulu, saa ni yake. Mkishindwa, saa hiyo naipa muziki kwa kudumu, na Mama tutamfanyia sherehe nzuri ya kumuaga."

"Nunueni kompyuta mpya!" nikamwambia. Mdomo wangu hauna breki.

"Kompyuta ni hiyo hiyo, Mama."

Tulipofika nyumbani Mkwaruzo hakuvua hata viatu. Akaketi kwenye meza yangu ya kukatia, akachukua kipande cha kitambaa, akanieleza, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa. Kompyuta haichukui sauti yote kwa pamoja, inaikata vipande vifupi sana, na kila kipande lazima kishonwe na kurudishwa kabla kinachofuata hakijafika. Ukichelewa, msikilizaji anasikia shimo. Sasa mtu akibonyeza kitufe katikati ya neno, vipimo vyote vinabadilika. Ukivibadilisha kwa kuruka, hapa babu hapa mjukuu, panasikika *tak!* pale ulipounga. Ni rahisi kwa mashine, lakini mshono unaonekana. Ukitaka usionekane, inabidi uhame kidogo kidogo, na kila hatua upige hesabu upya.

"Ni kama pindo," akasema. "Ukishona mishono midogomidogo halionekani, lakini unachukua kutwa. Ukishona mikubwa unamaliza sasa hivi, na kila mtu anaiona."

"Na wewe ulishona midogo."

"Midogo kabisa. Kwa sababu nilijaribia kwenye kompyuta yangu, ambayo haichoki." Akajipiga kofi la paji la uso. "Kosa la kitoto, Mama Mdogo. Nilisahau nguo inakwenda kuvaliwa na nani."

Kesho yake akaleta mishono mikubwa. Safari hii alijaribia kwenye kompyuta yangu ninayowekea picha za mitindo ya wateja, ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi. Haikuelemewa. Lakini kila mtu wa hadithi aliingia na *tak!* lake, kama anayevunja karanga mlangoni. Mkwaruzo alikuwa anashtuka kila mara, mabega yanapanda masikioni.

Akajaribu katikati. Mishono ya wastani, sauti itambae kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. *Tak* ikapotea, ndiyo, lakini weee! Babu alipotaka kumpisha mjukuu, alipanda ngazi nzima: akapitia kwa mwenye nyumba, akapitia kwa polisi, akapitia kwa jirani mbea, ndipo akafika kwa msichana, na yote hayo ndani ya neno "shikamoo". Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Dada naye akacheka, kicheko bila sauti, machozi yanamtoka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. Mkwaruzo peke yake hakucheka.

Nikamvaa. "Mwanangu, punguza masikio! Rudisha ile ya *tak*. Watu wanasikilizia redio jikoni, huku vitunguu vinakaanga na watoto wanagombana. Nani atasikia hako kamlio?"

"Mama atasikia," akasema.

Kweli, Dada atakuwa na hedifoni masikioni, na kila akimwingiza mtu atasikia kamlio kanakomwambia kwamba huyu si wewe, huyu ni mashine. Nikaenda kutia pasi moto.

Ilikuwa Jumapili mchana aliponiita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu njiani na anaangalia kama mwenyewe yupo karibu. Alikuwa amemrekodi mama yake akisoma ukurasa mzima. Kwenye skrini sauti ilionekana kama vilima, na kila mahali kitufe kilipobonyezwa aliweka alama nyekundu.

"Tazama alama ziko wapi."

Nikatazama. Kila alama ilikaa kwenye mkia wa neno la mwisho la yule anayeondoka. Baada yake vilima vinakwisha, panakuwa bapa kidogo, halafu vinaanza vya mtu mwingine.

"Hapo bapa ni nini?"

"Anapumua." Akasogeza ukurasa. "Hapa anapumua. Na hapa. Hata kwenye ugomvi, tazama, kidogo sana, lakini anapumua. Hakuna hata mahali pamoja anapobadilisha mtu bila kupumua."

Tukamwita Dada. Alikuja akiifuta mikono, akaitazama ile skrini kwa muda, kisha akatucheka kwa macho. Akavuta kiti. Akazungumza, mimi nikahesabu kuwa ni bahati yangu kuwapo, kwa sababu hajawahi kusema mengi hivyo tangu akatwe.

"Simwingizi mtu chumbani kabla mwenzake hajatoka," alisema. "Namtoa. Napumua. Namwingiza mwingine. Vinginevyo wanagongana mlangoni, na msikilizaji haelewi nani ni nani."

"Na kidole?" Mkwaruzo akauliza. "Mbona kidole kinabonyeza mapema, neno halijaisha?"

Dada akagonga meza kwa kidole cha shahada, *tu*. Nami nikakumbuka! Miaka yote ile, hata akitusomea nyumbani, alikuwa akigonga meza kwa kidole kabla ya kubadilisha mtu. Tulidhani ni mazoea tu, kama wengine wanavyochezea funguo.

"Najiambia jiandae," Dada akasema. "Kidole kinatangulia. Pumzi inafuata. Mtu anaingia mwisho."

Mkwaruzo akaanza kucheka, akaipiga meza yangu kwa viganja mpaka pini zikaruka. "Siku zote hizi nimekuwa nakitii kidole! Kidole kinasema jiandae, mimi nasikia sasa. Nambadilisha babu wakati neno bado limo mdomoni mwake, halafu nahangaika kuficha mshono. Ebo! Mshono wa nini, na yeye mwenyewe ananiachia nafasi tupu kila mara?"

Akaniambia atakachofanya, na nilikielewa bila kitambaa. Kitufe kikibonyezwa, programu haitabadilisha kitu. Itatia agizo mfukoni. Itaandaa vipimo vya mtu anayekuja, taratibu, hesabu kidogo katika kila kipande, kompyuta isihisi mzigo. Halafu itangoja pumzi. Sauti ikitulia, hapo ndipo inabadilisha vyote kwa mpigo mmoja, na kwa kuwa hakuna sauti ya kukatwa, hakuna *tak*. Mishono mikubwa kabisa, lakini imeshonwa mahali pasipo na nguo.

Ila ilibidi afute. Ile mishono midogo ya mwanzo ilikuwa kazi ya miezi, na alikuwa anajivunia, ameionyesha kwa wenzake. Nilimwona ameishikilia kama mimi ninavyoshikilia gauni ambalo mteja amesema lifumuliwe lote. Akavuta pumzi, akafuta. Sikumwambia pole, kwa sababu mimi nikifumua sitaki mtu aniambie pole.

Kulikuwa na jambo moja lililonikaa kooni, nikamuuliza Jumanne tukiwa tunakula.

"Na asipopumua je? Babu na mjukuu wakidakiana maneno, akasahau?"

"Asipopumua hakibadiliki kitu."

"Hivyo hivyo tu?"

"Ningeweza kuweka njia ya pili," akasema. "Ikingoja sana ihame yenyewe kidogo kidogo. Lakini hiyo njia ya pili ina uzito, na ile kompyuta itaubeba kipindi kizima, hata isipotumika hata mara moja. Lazima nichague. Ama naiamini mashine, ama namwamini Mama."

"Mama yako ametoka kwenye kisu juzi!"

"Namwamini Mama," akasema, akachukua kipande changu cha nyama.

Jumatano nilikuwa na roho mkononi. Chumba cha mitambo ni kidogo. Kuna kioo kikubwa, na upande wa pili wa kioo yupo Dada, taa moja, maikrofoni moja, karatasi zake na kijisanduku cha vitufe. Upande wetu fundi mitambo amekaa mbele ya kompyuta yake kongwe, Mkwaruzo nyuma yake, meneja ameegemea mlango na mikono kifuani. Mimi nilipewa kiti nikakataa. Nilisimama ili kama ni kuaibika niaibike nikiwa wima.

Taa nyekundu ikawaka. Dada alikuwa aanze na msimulizi, kitufe cha saba, ile sauti yake ya zamani. Akainamia maikrofoni.

"Hamjambo. Ni Jumatano, na leo nyumba ya Babu haijalala."

Ilikuwa sauti kavu. Ile ya hospitali, ile ya makofi, tupu kama ilivyo. Meneja akaruka kutoka mlangoni. Mkwaruzo uso ukamsawijika, akawa anagusa skrini hapa na pale. "Kitufe cha saba hakijafika," akanong'ona. "Hakijafika, sioni agizo lolote—" Nikajisemea basi, ndiyo sherehe ya kuaga hiyo.

Dada hakutuangalia. Alisoma sentensi mbili, tatu kwa sauti hiyo. Kidole kikagonga kitufe cha kwanza. Neno likaisha. Mabega yake yakapanda kidogo, yakashuka.

"NANI KAFUNGUA LANGO LANGU?"

Babu! Mzima, mkali, na makohozi yake yote! Hakuna *tak*, hakuna shimo. Nilimshika fundi mitambo bega nusura nimwangushe. Naye alikuwa anaionyesha kwa kidole ile alama ya mzigo wa kompyuta, imelala chini kabisa.

Wakaingia mmoja mmoja. Jirani mbea, mwenye nyumba, mlevi na wimbo wake mbovu. Kidole, pumzi, mtu. Nilijikuta mimi mwenyewe napumua naye, na nikigeuka namwona meneja anapumua naye, sote kama watoto wanaofundishwa kuogelea. Kisha ukaja ugomvi, Babu anataka kumwoza mjukuu wake kwa mwenye nyumba, na hapo maneno yakaanza kudakiana, kila mmoja anamkata mwenzake. Pumzi zikawa fupi, fupi, fupi zaidi. Na Dada hasira ya hadithi ilimpanda kichwani, kama ilivyokuwa zamani, na akasahau. Alibonyeza kitufe cha mjukuu, na bila kupumua akasema,

"Siolewi!"

Ikatoka kwa sauti ya Babu. Ile ngurumo nzito, "Siolewi!", mzee wa miaka themanini anakataa kuolewa.

Mkwaruzo akafumba macho. Dada nyuma ya kioo akayatoa macho. Akapumua. Na sauti ya msichana, safi, kali, ikatoka:

"Usiniigize, Babu! Maneno yangu nitayasema mwenyewe. Siolewi!"

Meneja alipasuka kicheko mpaka akajiziba mdomo kwa tai. Fundi mitambo aliinama mezani mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa mpigo, na Mkwaruzo amefungua macho anamtazama mama yake kupitia kioo, akasema polepole, "Mwone. Mwone huyo mama." Ile njia ya pili aliyokataa kuiwekea mashine, Dada alikuwa nayo kichwani bila uzito wowote.

Hadithi ilipokwisha wakafungua simu. Ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja, mzee, nyuma yake kunasikika vyombo vinaoshwa.

"Sauti Saba karudi na watu wake wote, Mungu amweke," alisema. "Nimecheka nimekojolea khanga. Lakini niulize. Huyu msimulizi mpya mmemtoa wapi? Mwenye sauti ya kukwaruza hivi."

Meneja akamtazama Mkwaruzo. Mle ndani Dada alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Msimwondoe," bibi akaendelea. "Yule wa zamani alikuwa mzuri, lakini nilikuwa namwona yuko mbali, yuko redioni. Huyu ni kama amekaa hapa jikoni kwangu, naye amechoka kama mimi."

Dada hakugusa kitufe chochote.

"Ni mimi, mama," akasema kwa sauti yake. "Ni mimi."

"Ah," yule bibi akasema. "Basi pole, mwanangu. Na karibu."

Meneja hakutuita ofisini wala kutupa hotuba. Alitupita kwenye korido, akamwambia Dada, "Jumatano, basi, kama kawaida," akaenda zake akijifuta macho kwa ile tai.

Tulikuwa tumeshatoka nje Mkwaruzo alipopata ujasiri wa kuuliza. "Mama, kitufe cha saba kilikuwa kibovu?"

"Kizima."

"Mbona hukukibonyeza? Ni sauti yako ile. Niliitafuta kwenye kanda zote, Mama. Kila neno."

Dada akamshika mkono, wakatembea hivyo hatua kadhaa. "Najua. Niliisikia siku ya kwanza, nikalala naililia," akasema. "Lakini imeshatoka mlangoni hiyo. Nimepumua. Nimeingia mwingine."

Usiku huohuo Mkwaruzo alikifuta kitufe cha saba. Aliniambia programu imekuwa nyepesi zaidi, na alisema hivyo akipenga kamasi, na hakusingizia moshi wa pasi kama mimi. Mtoto aliyekimbia kila mkwaruzo wa dunia hii ameuacha mmoja makusudi, unapita katikati ya programu yake bila kuguswa.

Siku ya pili nilikuwa kwenye cherehani, natia mkono wa gauni, yeye yuko kwenye skrini yake na hedifoni masikioni. Nikasikia vyombo jikoni, nikakunja uso kungoja kofi.

"Mdogo wangu! Chumvi umeiweka wapi?"

Ilikwaruza ukuta kwa ukuta. Nikasimamisha mguu. Mkwaruzo akavua hedifoni, akanigeukia.

"Mama Mdogo, unaitwa."

"Nimesikia," nikamwambia. "Mwache aite tena."